Pumu imemtoa shule, isimtoe kwa wenzake

Siku za shule, inapokaribia saa kumi jioni, watoto wa mtaa mmoja wa Elerai, jijini Arusha, hurudi nyumbani, huweka mabegi na kuanza kombolela. Ndani ya geti la bati, mtoto wa miaka minne huwachungulia kupitia upenyo. Anawajua kwa majina, lakini hajawahi kucheza nao.

Wakati wa baridi ya Juni na Julai mtoto huyo alilazwa mara mbili kwa pumu. Alipotoka wodini mara ya pili, mama yake alimwondoa chekechea na kuanza kumfundisha mwenyewe. Kwa masomo anaendelea vizuri: anahesabu hadi 30 na anazijua irabu zote. Lakini binamu zake walipokuja Jumapili, alijificha nyuma ya mama yake na kulia hadi walipoondoka. Ndipo mama akauliza swali ambalo wazazi wengi wa watoto wenye maradhi ya muda mrefu hukaa nalo moyoni: je, katika kukilinda kifua chake, nimemdhuru kwingine?

Hajamdhuru, na kazi aliyoifanya si ndogo. Ila imebaki nusu yake, maana mtoto wa umri huu hujifunza mengi kutoka kwa watoto wenzake kuliko kwenye daftari.

Wenzake nao ni walimu

Mtoto wa miaka miwili hucheza kando ya mwenzake, kila mmoja na lake. Akifikia miaka minne huanza kusubiri zamu, kugawana, kubishana na kupatana. Hayo mama hawezi kuyafundisha peke yake, kwa sababu mama humwachia ashinde. Mtoto mwenzake hamwachii.

Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inaweka kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Muda wa kukaa mbele ya televisheni au simu usizidi saa moja, hata kama anatazama katuni nzuri za Kiswahili kama Akili and Me.

Sheria ya shule inasemaje?

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, mzazi ana nafasi ya kupumua. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 na ambaye hajafikisha 13 aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inashusha umri wa kuanza darasa la kwanza hadi miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa elimu ya awali. Kwa hiyo masomo ya nyumbani yawe daraja la kumvusha hadi shuleni. Kama ugonjwa unaendelea, nenda mapema kwa mwalimu mkuu ukiwa na barua ya daktari, mpange mtoto ataanza vipi.

Asubuhi ya kujifunza

Usijaribu kuhamishia darasa zima sebuleni. Dakika 15 hadi 20 za kukaa chini zinamtosha kwa mkupuo mmoja, kisha ainuke. Vipindi viwili au vitatu vifupi asubuhi vinatosha kabisa.

Ahesabu vizibo vya soda. Atenganishe maharage na mahindi. Acheze mdako, mchezo unaofundisha namba na wepesi wa mkono kwa pamoja. Mkienda soko la Kilombero, ataje rangi, ahesabu nyanya za fungu moja, amsalimie muuzaji. Usiku umsimulie hadithi, kesho yake akusimulie wewe.

Jambo moja la kuangalia ni mahali anapokaa kusoma. Wazazi wengi huwafundisha watoto jikoni huku wakipika. Kwa mtoto mwenye pumu, moshi wa kuni, mkaa au sigara ni hatari, na jiko la nyumbani linaweza kumsumbua kuliko darasa alilotolewa. Msomee mbali na jiko, dirisha likiwa wazi.

Kuwapata wenzake

Anza na mtoto mmoja. Mtoto aliyekaa peke yake kwa miezi akitumbukizwa ghafla kwenye kundi la watoto kumi atarudi nyuma zaidi. Mwalike jirani wa rika lake kwa saa moja, kaa karibu, wape kitu cha kufanya pamoja: udongo, maji, mpira wa makaratasi. Wiki inayofuata aje mtoto yuleyule, kwani mazoea ndiyo yanayoondoa woga. Akimzoea, ongeza wa pili.

Kisha tafuta mahali pa kwenda kila wiki, siku ileile: shule ya Jumapili au madrasa, uwanja wa mtaa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa bibi wenye wajukuu wengi, au Maktaba ya Mkoa wa Arusha. Wazazi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kupokezana, leo watoto wacheze kwako, Alhamisi kwa mwenzako. Lakini ukianza kukusanya watoto wa watu na kutoza ada, hicho ni kituo cha kulelea watoto mchana na kinahitaji usajili. Muone afisa ustawi wa jamii kabla ya kuanza.

Kila mzazi atakayempokea mwanao aelezwe kuhusu pumu yake, na pampu ya dawa iende naye kila aendako, pamoja na ile chupa maalumu inayomsaidia mtoto mdogo kuivuta.

Akikohoa akicheza

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Mtoto akikohoa kila anapokimbia, humfungia ndani. Kikohozi hicho kwa kawaida kinaonyesha kwamba pumu haijadhibitiwa vizuri. Mrudishe kliniki, dawa zipimwe upya na uvutaji wake uangaliwe. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kukimbia kama wenzake. Siku za baridi kali au vumbi jingi, mchezo uhamie ndani, lakini usifutwe.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, anashindwa kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au pampu haimpi nafuu.

Lini umuone mtaalamu

Aibu ya mtoto aliyekaa muda mrefu bila wenzake kwa kawaida hupungua taratibu. Kama wiki kadhaa za kukutana na mtoto yuleyule hazijaleta mabadiliko yoyote, au ukiona haitiki jina lake, hakutazami usoni, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kituo cha afya akapimwe usikivu na makuzi.

Kaa na kadi yake ya kliniki karibu pia. Aliye chini ya miaka mitano anatakiwa kupata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila Juni na Desemba. Asiyetoka nyumbani ni rahisi kusahauliwa.

Mama wa Elerai ameanza na hatua ndogo: mara mbili kwa wiki, jioni, analifungua geti na kukaa kwenye kigoda mlangoni, pampu ikiwa mfukoni. Siku ya kwanza mtoto hakutoka. Siku ya tatu alitoka, akasimama ukutani, akawahesabia wenzake wakijificha. Hadi 30.