Gari Likizima Mlimani: Utangulizi wa Taaluma ya Kukwama Safarini

Taaluma unayoingia haina idara yake chuoni, lakini mada yake huenda imeshakukuta zaidi ya mara moja: umelipa nauli, umekaa kitini, chombo kimezima njiani, na hakuna anayeweza kukwambia utaondoka saa ngapi. Mhandisi atakuja kukichunguza chombo. Mwenye mali atapiga hesabu ya hasara yake. Ikitokea ajali, polisi wataandika ripoti. Lakini abiria aliyekaa saa sita kando ya barabara, akafika salama kesho yake, haandikwi popote. Huyo ndiye tunayeanza naye.

Kwanza tutenganishe kuchelewa na kukwama. Anayesubiri basi lililochelewa bado ana uamuzi mkononi: anaweza kurudi nyumbani, kupanda gari jingine au kuahirisha safari. Aliyekwama ameshapoteza uamuzi huo, kwa sababu yuko mahali ambapo hakupanga kuwa. Na kukwama kwenyewe kuko kwa namna mbili, ambazo nitaziita kufungiwa na kuachwa.

Kufungiwa ndiko kunakojulikana zaidi duniani, kwa kuwa hupigwa picha. Tarehe 5 Oktoba 2019, siku chache tu baada ya kuzinduliwa, magari ya nyaya ya Disney Skyliner katika bustani za burudani za Florida yalisimama angani, na baadhi ya abiria wakakaa humo kwa saa kadhaa. Wengine walishushwa na zimamoto. Septemba 2016, kwenye milima ya Mont Blanc, nyaya za magari kama hayo zilinasa na watu 110 wakabaki wakining'inia juu ya barafu. 33 kati yao walilala humohumo mpaka asubuhi. Hapa kwetu, treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilipoanza kazi mwaka 2024, ilipata kusimama njiani kwa hitilafu za umeme, na Shirika la Reli likawataja wanyama na ndege miongoni mwa visababishi. Aliyefungiwa hawezi kutoka, lakini ana jambo moja la kumfariji: mwenye chombo anajulikana, yuko karibu, na dunia nzima inamtazama.

Kuachwa hakupigwi picha. Milango iko wazi, abiria ameshuka, amesimama juu ya ardhi imara, na hana pa kwenda. Ndiyo namna ya kukwama iliyo ya kwetu hasa, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi kuielewa. Ndiyo maana napendekeza mwanafunzi wa taaluma hii aanzie Lushoto, katika milima ya Usambara.

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na katika mwendo huo gari hupanda karibu mita 1,000. Sehemu kali ni ile ya chini, kati ya Mombo na Soni, ambako upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni korongo. Barabara ni nyembamba na kona zake zimebana kiasi kwamba dereva hupiga honi kabla ya kumwona anayekuja. Nje ya lami hiyo, njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo, na masika yanapokolea udongo ule huteleza kama sabuni.

Tuzungumzie hesabu kidogo, maana bila hiyo hatutaelewa kwa nini magari huzimia palepale. Chukua gari la abiria la tani 5. Likishuka mita 1,000 linapaswa kumwaga nishati ya megajuli 49 hivi. Kama nishati yote hiyo ingeishia kwenye breki, joto lake lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Breki haziwezi kubeba mzigo huo peke yake, ndiyo sababu madereva wa mlimani hufundishana kushuka kwa gia ileile waliyopandia, injini ilishike gari. Asiyefanya hivyo atasikia kwanza harufu ya kuungua, kisha pedeli itaanza kuzama. Wakati wa kupanda shida hugeuka: gari lililobeba abiria ndani na mizigo juu ya paa huvuta kwa gia nzito muda mrefu, upepo wa kuipoza rejeta ni mdogo kwa sababu mwendo ni mdogo, na gari likachemsha. Klachi nazo huungua hapo. Kwa hiyo mahali pa kukwama si pa bahati nasibu. Mafundi wa Mombo na Soni wanaweza kukuonyesha kona zao kwa kidole, na ramani waliyo nayo kichwani ni hazina ambayo mtafiti hataipata katika ofisi yoyote.

Sasa tazama kwa karibu yanayotokea. Gari halijasimama sawasawa, utingo ameshachupa chini na jiwe analisukumiza nyuma ya tairi. Anakimbia kukata matawi na kuyapanga barabarani, moja hapa, jingine hatua kadhaa nyuma, ili anayekuja ajue mbele kuna gari bovu. Dereva anafungua boneti, mvuke unamfukuza. Kwa dakika chache za mwanzo abiria hawashuki, wanangoja kuambiwa. Kisha anashuka mmoja, mara nyingi mwanamume mwenye simu, na wengine wanamfuata. Kinamama wenye watoto ndio wa mwisho, maana ndani kuna kivuli na nje kuna jua au mvua. Konda anasema, "Dakika kumi tu, ndugu zangu, fundi yuko njiani." Hakuna anayeamini, lakini hakuna anayebisha, kwa kuwa bado wanamhitaji.

Mwaka 1985 mtaalamu wa biashara David Maister aliandika makala kuhusu saikolojia ya foleni, akaeleza kuwa kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kunakojulikana, na kungoja bila maelezo huonekana kurefu zaidi. Wenye bustani za burudani wanalijua hilo, ndiyo maana huweka vibao vya kutangaza dakika zilizobaki. Barabarani Soni hakuna kibao. Taarifa iko kwa watu wawili, dereva na konda, na wote wana sababu ya kuificha: abiria akijua kwamba kipuri kinatoka Tanga, atadai nauli yake sasa hivi.

Na hapo kwenye nauli ndipo kiini cha taaluma yetu kilipo. Waliopanda gari moja kwa nauli moja hawakwami sawasawa. Saa ya kwanza inapita, gari dogo la Noah linatokea chini likiwa na nafasi mbili. Wanaoingia ni wale wenye fedha ya kulipa mara ya pili. Bodaboda zinafuata, zinabeba vijana wasio na mizigo. Konda akifanikiwa kuwafaulisha abiria kwenye basi jingine, wanaotangulia ni wenye nguvu ya kugombania mlango. Wanaosalia ni mzee, mama mwenye mapacha, mwanafunzi aliyehesabiwa nauli ya kwenda tu, mgonjwa mwenye miadi hospitali ya KCMC au ya Bombo ambaye hawezi kukaa juu ya pikipiki. Anasalia pia mwenye matenga ya nyanya na viroba vya kabichi. Yeye mwenyewe angeweza kuondoka, lakini mzigo hauwezi, na soko la Kariakoo halimngojei mtu: mboga iliyotakiwa kufika alfajiri ikifika mchana, bei ni nyingine. Chombo kimeharibika mara moja kwa wote. Kukwama kumegawanywa kwa mafungu, na fungu kubwa limekwenda kwa wasio na kitu. Nimeona maandishi mengi yakisema "abiria 40 walikwama kwa saa tano". Sentensi hiyo inaficha karibu kila jambo tunalotaka kulijua.

Upande wa pili wa mizani wapo watu wa pale. Watoto huja na plamu na mahindi ya kuchoma, na biashara huanza. Mwenye nyumba ya karibu hutoa maji, choo, mkeka wa mjamzito. Wenyeji wenye mabega husukuma. Ni hivyo hata mbali na kwetu. Agosti 2023, huko Battagram nchini Pakistani, gari la nyaya lililokuwa na watu wanane, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakienda shule, lilikatikiwa nyaya juu ya bonde. Helikopta za jeshi zilianza uokoaji, lakini giza lilipoingia, wenyeji wenye ujuzi wa kuteleza kwenye nyaya walikuwa mstari wa mbele kuwatoa waliobaki. Gari lile lilikuwepo kwa sababu vijiji vile havikuwa na barabara nzuri. Milima hufanana katika hilo: msaada wa kwanza huvaa kandambili. Taaluma yetu inapaswa kuuheshimu ujuzi huo na kuueleza, isiuchukulie kama ukarimu tu.

Usambara ina historia ndefu ya vyombo vya kupandia mlima, na anayependa nyaraka za kale atafurahi hapa. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Upande wa mashariki, Wajerumani walijenga kireli cha kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani. Na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilisimika njia ya nyaya ya kilomita zipatazo tisa kutoka Mkumbara hadi misitu ya Shume, kushusha magogo ya mwerezi. Kwa hiyo gari la nyaya linalozungumzwa siku hizi kwa ajili ya Kilimanjaro si wazo geni kabisa katika nchi hii. Miti ya Shume ililipanda zamani, kabla ya watalii. Treni ya abiria ya kaskazini nayo iliwahi kutoweka kwa zaidi ya miaka 20, mpaka ilipofufuliwa kwenda Moshi Desemba 2019. Sitasita kusema kwamba stesheni zile zote za kaskazini zilikwama, ingawa hakuna gari lililozima.

Vitabu vya kusoma si vingi, lakini vipo vizuri. Anza na Joshua Grace, African Motors, cha mwaka 2021, kinachoiandika historia ya magari Tanzania kutokea gereji, kwa macho ya fundi. Kenda Mutongi amefanya kazi kubwa kuhusu matatu za Nairobi, na Matteo Rizzo kuhusu daladala za Dar es Salaam. Vitabu vyao vyote viwili vilitoka mwaka 2017. Kwa Rizzo utaelewa kwa nini konda hawezi kurudisha nauli hata akitaka: hesabu ya siku ya tajiri mwenye gari lazima ifike, gari lizime lisizime. Kuhusu Washambaa wenyewe, wenyeji wa Usambara, usiikwepe kazi ya Steven Feierman. Peasant Intellectuals, cha mwaka 1990, kinasimulia jinsi wakulima wa milima hii walivyoupinga mpango wa kikoloni wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Utashangaa kinaingiaje katika habari za mabasi. Subiri masika, mlima umomonyoke, barabara ifungwe na mawe. Ndipo utaona kwamba habari za ardhi na habari za abiria ni moja.

Kuhusu sheria nitasema machache. Mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, LATRA, iliundwa mwaka 2019 kurithi kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za mamlaka iliyoitangulia, SUMATRA, na nyaraka zake ni lazima mwanafunzi azisome. Fuatilia pia marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyowekwa miaka ya 1990 na kuondolewa mwaka 2023. Marufuku ile ilikusudia kuokoa maisha, lakini kwa abiria ambaye gari lake liliharibika mchana ilikuwa na maana ya pekee: hata likitengenezwa, saa zikiwa zimekwisha, atalala njiani. Hakuna takwimu ya ajali inayoweza kumwonyesha mtu huyo.

Ukiwa tayari kufanya utafiti wako wa kwanza, usianzie ofisini. Nenda stendi ya Lushoto alfajiri, mabasi ya Dar es Salaam yanapopakia. Shuka Mombo mchana, kaa na mafundi. Ukisikia gari limezima mahali, andika nyakati nne: saa lilipozima, saa abiria walipoambiwa sababu ya kweli, saa wa kwanza alipoondoka kwa fedha yake, na saa wa mwisho alipoondoka. Tatu za mwanzo utazipata kwa urahisi. Fundi ataikumbuka ya kwanza, konda atabishana na abiria wake kuhusu ya pili, na aliyepanda Noah atakusimulia ya tatu bila kuulizwa. Ya nne itakusumbua. Huyo wa mwisho hakuwa na salio la kumpigia mtu, na jina lake konda halijui. Ulizia kwa wauza chai wa karibu, kwa mwenye nyumba aliyetoa mkeka, kwa dereva wa lori la mboga aliyepita usiku, na umtafute kabla hujamhoji mtu mwingine yeyote.