Pomboo huona kwa masikio

Ukitoka Shimoni kwa mashua kuelekea Kisite, ukibahatika utawaona pomboo wakicheza juu ya maji. Lakini kazi yao kubwa ya kutafuta riziki hatuioni.

Mchukue yule pomboo mwembamba mwenye pua ndefu, anayeruka akijizungusha kama pia. Mchana hupumzika. Usiku huenda kwenye kilindi kufuata samaki wadogo, kamba na ngisi, ambao giza likiingia hupanda kutoka chini. Hata wakipanda, huenda akalazimika kuzama mita 200 au zaidi. Humo ni kiza totoro. Nilikuwa nikijiuliza, anawaonaje?

Jibu ni kwamba anawasikia. Chini ya tundu lake la kupumulia mna midomo midogo ya nyama inayotoa vidoko. Nundu ya mafuta kwenye kipaji huvikusanya na kuvielekeza mbele, kama kurunzi na mwanga wake. Vikigonga kitu, mwangwi hurudi, hupokewa na mafuta ya taya la chini na kufikishwa sikioni. Sisi husikia hadi kilohezi 20 hivi. Pomboo hupita 100, na sauti nyembamba kiasi hicho ndiyo inayobaini kitu kidogo.

Baharini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Samaki akiwa mita 75 mbele, mwangwi hurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muda huo pomboo anajua umbali. Akikaribia, huzidisha vidoko hadi vikawa mvumo mmoja, mamia kwa sekunde. Samaki mwenye kibofu cha hewa hurudisha mwangwi wa nguvu. Ngisi hana kibofu hicho na mwangwi wake ni hafifu, lakini bado hupatikana.

Mwaka 1961, Kenneth Norris na wenzake huko Marekani walichapisha habari za pomboo waliyemfunika macho. Aliogelea akavikwepa vizuizi na kuokota samaki wake kama kawaida.

Haya yanatuhusu sisi wa Pwani. Uzi wa nailoni wa jarife ni mwembamba na mwangwi wake ni mdogo. Pomboo aliyeshughulika na samaki huweza kuugundua akiwa ameshafika. Akinasa hawezi kupanda kuvuta pumzi, hufa, na mvuvi hubaki na wavu uliochanika. Kelele za mashine nazo hufunika sauti anazozitegemea.

Ombi langu kwa manahodha wetu wanaopeleka wageni ni dogo. Mkiwaona, punguzeni mwendo, msiwakatie njia wala msiwazunguke kwa boti nyingi. Huenda wamekesha kilindini, na mchana ndio usiku wao.