Paka Safarini

Mwezi wa Disemba, shule zikiwa zimefungwa, ndio wakati ambao jamaa wengi wa Mombasa huhama. Baba amepata kazi Nairobi, au mtoto mkubwa amewaita wazazi wake. Masanduku yafungwa kamba, magodoro yapandishwa juu ya lori, na watoto watiwa motokaani pamoja na mabirika na mikeka. Katika pirikapirika kama hizo mwanafunzi wetu mmoja, binti wa miaka 10, alibaki chuoni baada ya wenzake kutoka, akasema: "Maalim, Jumamosi twahama, na paka wangu haendi. Baba asema paka ni wa nyumba, si wa watu. Je, si dhambi kumwacha?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba baba yake aje kutuona baada ya sala ya Isha.

Bwana yule si mtu wa moyo mgumu, na sababu zake hazikuwa za upuuzi. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kwa wingi wa malori katika njia ile mtu huweza kukaa motokaani saa 8 au zaidi. Paka atalia njia nzima, atachafua viti, na mlango ukifunguliwa Mtito Andei atatoka mbio asipatikane tena, kwani pande zile ni pori la Tsavo. "Heri abaki, Maalim," alisema, "hapa atakula vichwa vya samaki."

Twapenda wasomaji wetu walipime jambo hili kwa mizani ya dini. Sote twaijua habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Lakini wengi wetu huikumbuka nusu. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka wala kumchinja. Alimfunga, kisha asimlishe, wala asimwachilie akajitafutie vijidudu vya ardhini. Basi anayemwacha paka wake huru mahali penye riziki, hatuwezi kumhukumu kwa Hadithi ile. Na anayemkabidhi kwa jirani aliyekubali kwa ulimi wake kumlisha, huyo amefanya wema. Ama anayefunga nyumba na paka yumo ndani, au anayemtupa sokoni paka aliyezaliwa chini ya kitanda na asiyejua kuwinda hata mjusi, na ajiangalie. Vilevile, na hili ndilo tulilomwambia yule bwana, anayemtia paka kizimbani na kumpakia motokaani amekwisha kumfunga. Tangu dakika ile maji yake, kivuli chake na hewa yake vimo mikononi mwa mwenye motokaa.

Twasema hivi kwa kuwa tuliwahi kukosea. Mwaka 2011 tulikuwa twampelekea binti yetu paka wake huko Nairobi, alikokuwa ameolewa. Tulimtia katika tenga la kuku, tukatoka Mombasa jua limekwisha kupanda, tukafika Voi adhuhuri. Tuliegesha motokaa, tukateremsha vioo kiasi cha vidole viwili, tukaingia msikitini tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukanywa chai. Hatukumaliza nusu saa. Tuliporudi tulimkuta paka amelala ubavu, kinywa wazi, ulimi nje, akihema kama mbwa aliyetoka mbioni. Sisi tulikuwa tumetumia ruhusa tuliyopewa na Mola wetu kwa ajili ya mashaka ya safari, na kiumbe tuliyemfunga kwa mikono yetu alikuwa akifa mbele ya mlango wa msikiti. Tulimtoa kivulini, tukamlowesha masikio, tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, mwenzetu mmoja akimpepea kwa gazeti. Alhamdulillahi alipona, lakini hatujasahau.

Baadaye daktari wa mifugo alitueleza tulichokuwa hatukijui. Paka hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni la nyayo tu, kwa hiyo joto likimzidi sana huhema. Paka anapohema kwa kinywa wazi, asichukuliwe kuwa amechoka, yumo hatarini. Nayo motokaa iliyofungwa juani, hata siku ambayo joto la nje ni digrii 30, huweza kupita digrii 40 ndani kabla ya nusu saa, na kuteremsha vioo kidogo hakusaidii sana. Basi wasafiri wasali kwa zamu. Mmoja abaki na mnyama kivulini, milango ikiwa wazi na kizimba kimefungwa. Wenzake wakirudi, naye aende akasali.

Ama kizimba, kiwe kigumu, chenye matundu ya hewa na mlango unaofunga sawasawa. Gunia si chombo cha kuchukulia kiumbe mwenye roho. Kizimba kiletwe nyumbani wiki moja au mbili kabla ya safari, kiachwe wazi pembeni, ndani pakitandikwa kitambaa alichozoea kulalia, na chakula chake kiwekwe humo. Paka huamini pua yake kuliko macho. Penye harufu ya kwao hutulia. Wakiwa paka wawili, kila mmoja na apate chake, kwani hata mama na mwanawe hugombana kwa hofu. Motokaani kiwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, au kifungwe kwa mkanda wa kiti, kisiyumbe. Kisitiwe kabisa katika buti pamoja na mizigo. Kifunikwe kanga nyepesi upande mmoja, ili asione miti ikikimbia.

Chakula apewe kidogo, saa 3 au 4 kabla ya kuondoka, maana tumbo lililojaa hutapika. Maji apewe kila mnaposimama. Waondokao wajitahidi kutoka mara baada ya Alfajiri, walivuke joto la Voi asubuhi. Wala mlango wa kizimba usifunguliwe mpaka milango yote ya motokaa na vioo vimefungwa. Watoto waambiwe hivyo mara tatu, kwa sababu wao ndio humhurumia paka anayelia wakamtoa. Kulia peke yake hakumdhuru. Dawa ya kumtuliza, ikihitajiwa, itoke kwa daktari wa mifugo peke yake. Dawa ya maumivu iitwayo parasetamoli humuua paka, hata kidonge kimoja. Na anayevuka mpaka wa nchi aulize mapema juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa na vyeti vyake.

Bibi mmoja alituuliza juu ya tohara. Katika madhehebu yetu ya Kishafii paka ni tohara maadamu yu hai, na maji aliyoyanywa ni tohara. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, Kabsha binti Kaab alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi, na manyoya yaliyomtoka yana hukumu hiyo, ila machache husamehewa. Basi msafiri aweke kanzu safi na kanga safi ndani ya mfuko uliofungwa, na kizimbani atandike matambara ya kubadilishwa. Kwa jambo jepesi hilo hapana haja ya kumwacha paka nyuma.

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei ya kizimba. Jumamosi walitoka saa 11 za alfajiri, paka akiwa miguuni pa binti.

Tulikuwa tumewaambia kwamba wakifika wasimfungulie nje. Akae chumba kimoja, na sanduku la mchanga, chakula na kitambaa chake, na asitoke nyumbani kwa wiki 2 au 3, la sivyo atatoka kuitafuta Mombasa. Siku mbili za kwanza, mama yake binti alitupigia simu, hakuonekana. Alikuwa nyuma ya masanduku, na watoto walikatazwa kumvuta. Usiku wa tatu mama huyo aliamka kwa sala ya tahajudi. Alipokuwa akitawadha chumbani kwa ndoo, aligeuka kuchukua kitambaa, na aliporudi alimkuta paka amesimama kwa miguu ya nyuma, anakunywa. Akamngoja amalize, kisha akaendelea na udhu wake kwa maji yale yale.