Madini Yakingayo Nguvu za Sumaku

Leo twataka kuwaelezeni habari ya madini yaliyomo ndani ya vyombo vya umeme vilivyochakaa, ambayo watu wengi huyatupa pamoja na takataka.

Jina lake ni myumetali, nalo latokana na herufi ya Kiyunani iitwayo myu, ambayo wataalamu huiandika wapimapo jinsi kitu kipitishavyo nguvu za sumaku. Walioyabuni ni Willoughby Smith na Henry Garnett wa Uingereza, mwaka 1923, kwa ajili ya waya za telegrafu zipitazo chini ya bahari. Karibu sehemu nne katika tano zake ni nikeli, na iliyobaki zaidi ni chuma. Hayazuii nguvu za sumaku kama ukuta uzuiavyo upepo. Huzivuta zipite ndani yake yenyewe, kama mfereji upitishavyo maji ya mvua kando ya nyumba.

Katika osiloskopu za zamani, yaani vyombo vya kuonyesha mawimbi ya umeme, mara nyingi kuna ganda jembamba la madini haya likizunguka chupa ya kioo, ili mstari wa nuru usipotoke.

Basi jihadharini! Chombo chaweza kubaki na umeme wa volti elfu kadhaa hata baada ya waya wake kuchomolewa, nao waweza kumwua mtu. Fundi ajuaye kazi hiyo autoe kwanza. Tena chupa ile haina hewa ndani. Ikigongwa shingoni hupasuka, vigae vikaruka machoni. Vaeni miwani, fungueni skrubu, mlichomoe ganda polepole. Likikataa, liacheni.

Msilinyoshe kwa nyundo, wala msilikate. Madini haya hupata uwezo wake kwa kuchomwa katika hidrojeni, kwa joto lipitalo digrii 1,000; yakipigwa au kupindwa, uwezo huo hupungua sana, na moto wa mhunzi hauurudishi. Litumieni kwa umbo lake, kwa mfano kufunika transfoma ndogo ya maikrofoni ivumayo.

Kulijaribu si kazi. Wekeni dira ndani ya ganda, mzungushe sumaku dhaifu kwa mbali. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa mkebe wa bati wa ukubwa ule ule. Sindano ikitulia zaidi ndani ya ganda, mmeyapata. Zikiwa sawasawa, hilo ni chuma cha kawaida, au limekwisha kugongwa na mtu aliyewatangulieni.