Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Shauri kwa Aliyekosa Nafasi ya Udaktari

Kila mwaka, majina ya wateule wa vyuo vikuu yatangazwapo, nyumba nyingine za Migosi na mitaa jirani ya Kisumu hupiga vigelegele, na nyingine hunyamaza. Kijana aliyetumaini kuwa daktari huona kwamba amepelekwa kusomea jambo jingine, ama hakupewa nafasi yoyote. Ndipo baba huanza kuhesabu ng'ombe na akiba yake, akitafuta kununua kile ambacho mtihani umemnyima mwanawe. Lakini kabla ya kuuzwa hata mbuzi mmoja, yafaa kwanza kuulizwa: ni kitu gani hasa kilichomzuia kijana huyu? Dawa ya homa haiungi mguu uliovunjika. Na mwenye kurudia ombi lile lile pasipo kubadili neno, atapata jibu lile lile.

Huenda kizuizi ni alama zenyewe. Baraza la Madaktari la Kenya limeweka kiwango kwa wanaotoka shule za sekondari: daraja la B katika mtihani wa KCSE, na B katika Biolojia, katika Kemia, katika Hisabati au Fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. Basi mwenye daraja la A- aliyepata C+ katika Kemia hajafika mlangoni, ijapokuwa kijiji kizima kilimsifu.

Au huenda alifika mlangoni akakuta viti vimejaa. Idara ya KUCCPS, iwagawiayo wanafunzi vyuo, hutazama masomo manne yahusuyo udaktari pamoja na jumla ya masomo saba. A ni pointi 12, hivyo masomo manne hutimiza 48. Aliyepata B katika yote manne ana 36 tu, na mbele yake wamesimama wengi. Idara hiyo huonyesha pointi za mtu wa mwisho aliyepokelewa katika kila chuo mwaka uliotangulia. Kijana na azilinganishe na zake kabla ya kuchagua, asijaze machaguo yote kwa matumaini matupu.

Akishajua kilichomzuia, atachagua njia. Aliyepungukiwa kidogo aweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa binafsi. Na aandikishe masomo yote saba, kwani mwenye kurudia somo moja au mawili hapewi daraja la jumla. Tena aanze na lile somo lililomwangusha, wala si lile alipendalo.

Njia ya pili ni ndefu, lakini ni ya heshima. Chuo cha KMTC kina tawi Kisumu, na diploma ya afisa wa kliniki husomewa miaka mitatu kabla ya mazoezi ya kazi. Afisa huyo ndiye amtibuye mkulima katika vituo vingi vya afya. Aliyeifaulu vizuri, na ambaye alama zake za KCSE hazikuwa duni mno, aweza baadaye kuomba udaktari katika vyuo vikuu vipokeavyo wenye diploma.

Njia ya tatu ni ya kujilipia, kama katika Chuo Kikuu cha Uzima hapa Kisumu. Mzazi na ahesabu karo ya miaka yote sita, si ya muhula wa kwanza, maana mwanafunzi akatizwaye mwaka wa tatu hupoteza miaka na mali pia. Anayetaka kwenda ng'ambo aliulize Baraza la Madaktari kabla ya kulipa hata senti moja, kwa kuwa waliosoma huko hutahiniwa tena warudipo. Na yeyote aahidiye kumpatia mwanao nafasi kwa pesa za chini ya meza, mfukuze.

Wengine husema kijana na ajitolee kituoni ili ombi lake lipate nguvu. Katika vyuo vya Marekani na Uingereza jambo hilo hutazamwa sana, na waombaji huhojiwa. KUCCPS haiongezi hata pointi moja kwa ajili yake. Hata hivyo, anayeshinda wiki chache akiwaona wagonjwa wakingoja foleni hujua upesi kama kazi hii aitaka kweli, ama alipenda koti jeupe tu.

Katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyofunguliwa mwaka 1969 na ambayo watu wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi, wanafunzi wa udaktari wa Maseno hujifunza kando ya vitanda. Hakuna mgonjwa awaulizaye walifanya mtihani mara ngapi. Hutaka tu kujua kama wanaijua kazi yao. Kwa hiyo, enyi wazazi, msimwite mjinga kijana aliyekosa mara moja. Mketishe, zitazameni pamoja alama zake, somo kwa somo, kisha ndipo mzungumze habari za pesa.