Tathmini ya Viungo Wachezeshaji Chipukizi kabla ya Usajili: Uchambuzi wa Mazingira ya Tunduma na Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kipaji cha kiungo mchezeshaji wa umri wa sekondari kinavyoweza kutathminiwa kabla ya klabu kuamua kumsajili, kwa kuzingatia mazingira ya Tunduma na Mkoa wa Songwe kwa jumla. Hoja kuu ni kwamba makosa mengi ya uteuzi hutokana na mambo matatu: kupima kilicho rahisi kupimwa badala ya kile kinachohitajika, kuhitimisha kutokana na mechi chache, na kutokuwa na uhakika wa umri. Makala yanaonesha kuwa mambo hayo matatu huathiriana, na yanapendekeza jalada la mchezaji linalojazwa kwa zaidi ya msimu mmoja kuwa njia ya kupunguza makosa hayo.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yapo Vwawa, wilayani Mbozi. Tunduma ndio mji wake mkubwa wa biashara. Upo mpakani, ukitazamana na mji wa Nakonde nchini Zambia, na unapitiwa na barabara kuu iendayo Zambia pamoja na reli ya TAZARA. Vijana wengi wa mji huu hukulia katika familia zinazohamahama kwa ajili ya biashara na usafirishaji, na baadhi yao wana ndugu pande zote mbili za mpaka.

Kwa kijana anayecheza soka mkoani humo, mlango mkuu wa kuonekana ni mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Uteuzi huanzia shuleni, hupanda hadi wilaya na mkoa, kisha fainali za taifa, ambazo kwa mfano mwaka 2019 zilifanyika Mtwara na mwaka 2022 zikafanyika Tabora. Klabu kubwa zilizo karibu zaidi, Mbeya City na Tanzania Prisons, zipo jijini Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma. Kwa hiyo mtafuta vipaji humwona kijana wa Momba au Ileje kwa siku chache tu katika mwaka, na katika siku hizo hulazimika kufikia uamuzi wenye uzito mkubwa.

Uzito huo una pande mbili. Klabu inaweza kumpoteza mchezaji ambaye ingemhitaji. Kijana naye anaweza kuitwa kwenye majaribio, akaacha masomo miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha nne unaofanyika Novemba, kisha akarudishwa nyumbani bila mkataba na bila cheti. Hasara ya upande wa pili ndiyo isiyoonekana kwenye ripoti za klabu.

2.0 Kinachotafutwa na kinachopimwa

Kiungo mchezeshaji ni mchezaji anayeamua mpira uende wapi. Kazi yake ina hatua tatu: kuona nafasi kabla ya kupokea mpira, kuchagua pasi, na kuipiga kwa usahihi. Hatua mbili za kwanza hufanyika kichwani na haziachi alama kwenye saa ya kupimia mbio. Hata hivyo, kwenye uwanja wa wilaya wenye wachezaji wengi na muda mfupi, macho ya mteuzi huvutwa na kimo, kasi na nguvu ya shuti.

Tatizo hili si la Songwe pekee. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani, nafasi inayolingana na mchezeshaji ni ya kwotabaki, na kila mwaka timu za ligi ya kulipwa huteua wachezaji wa vyuo vikuu kwa zamu baada ya kuwapima kimo, uzito, kasi na uwezo wa akili. Pamoja na maandalizi hayo yote, Tom Brady aliteuliwa mwaka 2000 akiwa mchezaji wa 199, kisha akatwaa ubingwa mara saba. JaMarcus Russell, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2007 akisifiwa kwa nguvu ya mkono wake, hakudumu katika ligi. Berri na Simmons (2011) walibaini kuwa vigezo vinavyoamua nafasi ya uteuzi wa kwotabaki vina uhusiano hafifu na ufanisi wake baadaye. Kama wateuzi wenye vifaa, filamu na fedha wanakosea kiasi hicho, mteuzi mwenye filimbi na daftari hana sababu ya kuuamini mno mtazamo wake wa kwanza.

Kuna, hata hivyo, dalili zinazoonekana bila kifaa chochote. Tafiti za Geir Jordet wa Norway zimeonesha kuwa viungo wanaogeuza kichwa mara nyingi kuangalia mazingira kabla ya kupokea mpira hufanikiwa zaidi katika pasi zao. Mwalimu wa michezo anaweza kuhesabu jambo hili akiwa pembeni mwa uwanja: katika sekunde chache kabla ya mpira kufika, kijana ameangalia pembeni mara ngapi? Dalili nyingine ni mwelekeo wa mwili wakati wa kupokea mpira, na kile anachofanya baada ya kupoteza mpira. Dalili hizi hazitegemei kimo, na ndiyo maana zinafaa zaidi kwa vijana ambao miili yao bado inakua.

3.0 Uchache wa mechi na nafasi ya bahati

Hata mteuzi anayetazama jambo sahihi anaweza kupotoshwa na uchache wa matukio. Chukulia kuwa katika mashindano mafupi kila kiungo hupiga pasi 10 za hatari, yaani pasi zinazolenga kuvunja safu ya ulinzi. Chukulia pia kuwa viungo 12 wanaotazamwa wana uwezo sawa kabisa, kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 50 ya kufanikisha pasi hiyo. Kwa kanuni za uwezekano, kiungo wa aina hiyo ana nafasi ya takriban asilimia 17 ya kufanikisha pasi 7 au zaidi kati ya 10. Maana yake ni kwamba, kati ya hao 12, wawili hivi wataonekana kuwa na kipaji cha pekee kwa bahati tu.

Idadi ya pasi ikiongezeka hadi 40, hali hubadilika. Kiungo yule yule ana nafasi ya chini ya asilimia 1 ya kufanikisha pasi 28 au zaidi, ingawa uwiano wa 28 kwa 40 ni sawa na ule wa 7 kwa 10. Kinachobadilika ni kiasi cha ushahidi, wala si jicho la mteuzi. Hivyo, kumbukumbu zilizokusanywa na mwalimu kwa mechi nyingi za mwaka mzima zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko maoni ya mtaalamu aliyetazama mechi mbili, mradi zimeandikwa kwa utaratibu mmoja.

4.0 Umri kama msingi wa kila kipimo

Kasi, kimo na hata utulivu wa kijana havina maana mpaka ijulikane ana umri gani. Mchezaji wa miaka 19 anayecheza na wa miaka 16 ataonekana bora katika karibu kila kipimo. Hata bila udanganyifu, aliyezaliwa Januari anamzidi aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo huo kwa takriban miezi 11, ilhali wote huhesabiwa kuwa wa rika moja.

Tanzania imewahi kuonja pande zote mbili za suala hili. Mwaka 2005 timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 iliondolewa kwenye fainali za Afrika zilizofanyika Gambia kwa sababu ya kutumia mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikachukua nafasi yake. Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda fainali za Gabon baada ya Kongo-Brazzaville kuenguliwa, kwa kuwa mchezaji wake mmoja hakufika kwenye kipimo cha MRI. Kipimo hicho huangalia kiasi ambacho sehemu ya ukuaji ya mfupa wa kigasha, karibu na kifundo cha mkono, imeshaungana. Dvorak na wenzake (2007) walionesha kuwa muungano kamili ni nadra sana kabla ya kutimiza miaka 17. Kipimo hiki kinaweza kuashiria kwamba mchezaji amezidi umri, lakini hakitaji tarehe ya kuzaliwa, wala hakipatikani kwa urahisi katika ngazi ya wilaya.

Kwa Songwe, hata hivyo, kuna chanzo kingine cha ushahidi. Mpango wa kusajili vizazi vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano, unaosimamiwa na RITA, ulianza kutekelezwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, wakati ambapo wilaya za Songwe ya leo zilikuwa bado sehemu ya mkoa huo. Watoto waliolengwa wakati huo walizaliwa kuanzia mwaka 2008, na mwaka huo huo ndio uliokuwa kikomo cha kuzaliwa kwa wachezaji wa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2025. Kwa hiyo baadhi ya vijana wa kizazi hiki wana cheti kilichotolewa walipokuwa wadogo, kabla mtu yeyote hajajua kama watacheza soka. Cheti cha namna hiyo kina uzito wa kiushahidi kuliko kile kilichoombwa wiki chache kabla ya usajili. Mteuzi makini hutazama tarehe ya kuzaliwa, kisha hutazama tarehe ya kutolewa kwa cheti.

5.0 Mpaka na kanuni za uhamisho

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji haziruhusu kijana aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inaigusa Tunduma moja kwa moja: kijana anayeishi umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya kilomita 50 za mpaka huo, ikiwa umbali kati ya makazi yake na klabu hauzidi kilomita 100, ataendelea kuishi kwao, na vyama vya soka vya nchi zote mbili vimeridhia. Kijana wa Tunduma anaweza, kwa masharti hayo, kuchezea klabu ya Nakonde kihalali. Asipofuata masharti hayo, kuvuka kwake ni kosa la kikanuni hata kama yeye huvuka kila siku kwenda sokoni. Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992, alihamia TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa tayari ametimiza miaka 18.

Kanuni hizo pia zinagawa asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kwa ada ya shilingi 1,000,000,000, klabu iliyomlea kijana kwa misimu minne ya mwanzo ingestahili shilingi 10,000,000. Fedha hizo, hata hivyo, huenda kwa klabu iliyomsajili rasmi. Shule iliyomfundisha bila kumsajili katika klabu yoyote haina cha kudai. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za awali ni chombo cha tathmini na pia ni ushahidi wa haki.

6.0 Jalada la mchezaji

Kutokana na maelezo hayo, tathmini inayofaa mazingira ya Songwe inaweza kujengwa juu ya jalada moja kwa kila mchezaji. Jalada hilo liwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa na tarehe ya kutolewa kwake. Kimo na uzito vinavyopimwa kila muhula, ili ukuaji uonekane kama mwenendo. Idadi ya pasi za hatari zilizojaribiwa na zilizofanikiwa katika kila mechi. Hesabu ya kuangalia pembeni kabla ya kupokea mpira. Maelezo mafupi ya ubora wa wapinzani na hali ya uwanja. Na maendeleo ya masomo. Inafaa watu wawili waandike bila kuoneana matokeo, kisha tofauti zao zijadiliwe.

Jalada lina udhaifu wake. Mwalimu anaweza kumpendelea mwanafunzi wake, na shule isiyo na mechi nyingi itakuwa na kurasa chache. Udhaifu wa kwanza hupunguzwa na mwandishi wa pili. Wa pili hauna budi kutajwa wazi, ili kurasa chache zisomwe kuwa upungufu wa ushahidi na si upungufu wa kipaji.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa tathmini ya kiungo mchezeshaji hukosewa pale mwili unapotazamwa badala ya uamuzi, mechi chache zinapochukuliwa kuwa nyingi, na umri unapokubaliwa bila kuhakikiwa. Makosa hayo huongezeana: kijana aliyezidi umri hung'ara kwa nguvu katika mechi mbili, na mwenzake mdogo mwenye jicho la kuona pasi hurudi nyumbani bila jina lake kuandikwa popote. Klabu itapata mwingine msimu ujao. Kijana wa Tunduma huenda asipate basi jingine la kwenda Mbeya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteuzi linapaswa kuwa kiasi cha ushahidi alicho nacho, na swali la kama kijana anafaa lifuate baada ya hapo.