Sahihi ya Mtu na Jicho la Mwenziwe

Askari achukuapo bunduki ghalani hutia sahihi kitabuni, na mweka ghala huikagua bunduki hiyo itokapo na irudipo. Sahihi huonyesha nani wa kujibu. Ukaguzi huonyesha hali ya kitu chenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa watengenezaji wa programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, leo imo hata ndani ya simu za Android zipelekazo fedha nyumbani. Hurekebishwa na maelfu ya watu wasioonana, na kila rekebisho huitwa kiraka. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishitaki IBM huko Marekani, ikidai kwamba maandishi yake yameingizwa humo bila ruhusa. Mwaka 2004 Torvalds akaleta kanuni: kila atoaye kiraka aandike jina lake chini yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Asiyejulikana hapokelewi. Kila msimamizi akipitishaye huongeza jina lake, mithili ya barua iliyopita maofisini ikipigwa mihuri.

Lakini sahihi hiyo haisemi kwamba kiraka ni kizima. Hiyo ni kazi ya mkaguzi, asomaye mstari kwa mstari, akauliza, akakirudisha kwa mwenyewe. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na mara nyingi haina mshahara.

Hasara ya kuikosa ilionekana mwaka 2024. Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyotunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa viraka vyema zaidi ya miaka miwili, hata akakabidhiwa madaraka ya kutoa matoleo mapya. Ndipo alipoficha mlango wa siri ndani ya mafaili ya majaribio. Jina lilikuwapo, jicho la pili halikuwapo.

Andres Freund, mtengenezaji wa programu, alishangaa kuona kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Wengi wangalipuuza. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 Machi akatangaza, kabla matoleo hayo hayajaenea sana. Mwenye jina lile hajatambulikana hadharani.